Goma hadi Bukavu kwa Ziwa: Namna ya Kulinganisha Bei na Kupanga Safari

Ukifika bandarini Goma, swali linalokutoka mdomoni kwanza ni bei. Lifanye la pili. Anza na hili: boti hii imeruhusiwa kubeba watu wangapi, na leo wamekata tiketi wangapi? Usipopata majibu hayo mawili, bei uliyotajiwa huwezi kuilinganisha na nyingine yoyote. Tiketi rahisi kwenye boti iliyoshindiliwa watu na tiketi ghali kwenye boti yenye nafasi ni bidhaa mbili tofauti, hata kama zote zinakufikisha Bukavu.

Ziwa Kivu limetufundisha jambo hili kwa vifo. Aprili 2019 boti ilizama upande wa Kalehe na zaidi ya watu mia moja hawakuonekana tena. Rais Tshisekedi alifika kufariji familia na akaagiza kila abiria wa ziwa avae jile ya kuokoa maisha. Miaka mitano baadaye, tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyokuwa ikitoka Minova ilipinduka ikibaki kidogo tu kufunga kwenye bandari ya Kituku, Goma, watu wa pwani wakitazama. Makumi walifariki. Barabara ya Sake na Minova ilikuwa imekatwa na vita, kwa hiyo wachuuzi na vyakula vyote vilikuwa vimehamia majini, na boti ilibeba kupita uwezo wake. Hata idadi ya waliokuwemo ilibishaniwa kwa siku nyingi, maana orodha ya abiria haikulingana na watu waliopanda.

Hebu tazama mbali kidogo. Kuna matajiri wanaolipa maelfu ya dola kwenda kuzunguka kwa meli kwenye barafu za Ncha ya Kaskazini. Kabla ya kulipa, wanachokiuliza sana ni idadi ya abiria, na meli yenye watu wachache ndiyo yenye bei kubwa. Tangu tarehe 1 Januari 2025 nchi ya Norway imeweka sheria kwamba meli inayoingia kwenye maeneo ya hifadhi ya visiwa vya Svalbard isizidi abiria 200. Wao wamekubali kwamba nafasi ni sehemu ya bei. Sisi tunaovuka kwenda kuuza, kusoma, kuzika na kuoa tuna haki ya kuuliza swali lile lile kwenye dirisha la tiketi, na kujibiwa.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Huwezi kuipima bei ya ziwa bila kujua njia nyingine zinakula nini. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025 mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, kwa hiyo ndege iweke kando. Barabara ya upande wetu wa Kongo inapita Sake, Minova, Kalehe na Kavumu, karibu kilomita 200. Ukitajiwa nauli yake utafurahi. Lakini vita vimeifunga na kuifungua mara nyingi, vizuizi ni vingi na kila kizuizi kina mkono ulionyooshwa, na mvua zikikolea matope yanakula siku nzima. Mei 2023 mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi huko Kalehe yaliua zaidi ya watu 400, na barabara nayo ikakatwa.

Njia nyingine ni kuzungukia Rwanda: unavuka Gisenyi, unapanda basi kupitia Karongi hadi Kamembe, halafu unavuka mto Ruzizi kuingia Bukavu. Njia ni ya lami, na nauli za mabasi hupangwa na mamlaka ya RURA, kwa hiyo hakuna wa kukupandishia bei kwa sababu umevaa viatu vizuri. Taabu yake ni mipaka miwili ndani ya siku moja, kila mmoja na foleni yake, hati zake na saa yake ya kufunga. Saa hizo zimekuwa zikibadilika. Ukichelewa kwenye mpaka wa pili utalala Kamembe, na bei ya kitanda itaungana na nauli. Mwenye hati kamili na begi moja, njia hii inamfaa. Mama mwenye magunia matatu asiifikirie.

Linabaki ziwa, kilomita kama 100 za maji kutoka Goma hadi Bukavu, na hapa napo kuna zaidi ya chaguo moja. Kanoti ya mwendo kasi huenda mchana kwa saa mbili na nusu hadi nne, kutegemea injini na upepo. Una kiti chako, mzigo wako ni begi la mkononi, na unalipa zaidi. Boti kubwa huondoka jioni na kufika alfajiri, zina madaraja: kukaa chini, kukaa juu, na kabini yenye kitanda. Boti hizi ndizo zinazobeba mizigo ya mji. Kisha ziko boti za mizigo zinazogusa kisiwa cha Idjwi na bandari ndogo za njiani. Zitumie ukiwa unashuka huko, si kwa safari ya Bukavu, maana kila kituo kinaongeza watu na mifuko juu ya waliokuwemo. Boti za mbao zenye injini moja, zile za kuvusha watu Minova au vijiji vya jirani, sizihesabu kabisa kwenye mwongozo huu. Hakuna punguzo la bei linalotosha kukuvusha ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 450 ndani ya mbao wakati wa usiku.

Chukua kalamu. Nambari nitakazotumia hapa ni za mfano wa kukokotoa tu. Bei za kweli kaziulize mwenyewe wiki ya safari yako, kwa sababu mafuta yakipanda zinapanda, na Krismasi na mwanzo wa shule mwezi wa Septemba zinakuwa na mambo yake.

Mchukue mama anayepeleka jibini ya Masisi Bukavu, kilo 60. Kwenye boti ya usiku tuseme tiketi ni dola 15, mzigo 6, motari na wabebaji pande zote mbili 5, chakula 3. Jumla 29. Anafika alfajiri, wateja wake wanamkuta sokoni, jibini haijakaa juani. Sasa mpandishe kanoti kwa dola 40. Kilo 60 haziingii, kwa hiyo mzigo utaenda na boti ya usiku vilevile, dola 6, na kijana wa kuupokea Bukavu atataka 2. Weka motari na wabebaji 5, tumefika 53. Naye anaingia Bukavu saa sita mchana, wanunuzi wa asubuhi wamekwisha kutawanyika, inabidi alale: ongeza 15. Jumla 68, na siku nzima imepotea. Kwa mama huyu kanoti ni hasara tupu.

Mtu wa pili ni mwalimu aliyeitwa kwenye usaili Bukavu saa nane mchana, ana begi dogo tu. Kanoti ya asubuhi: tiketi 40 na motari 3, jumla 43. Anafika kwa wakati, analala kwa 15, anarudi kesho kwa 43 nyingine. Safari nzima ni dola 101. Akienda na boti ya usiku kwa kiti cha kawaida na kurudi nayo jioni ile ile, kila upande ni tiketi 15, motari 3 na chakula 3, yaani 21. Safari nzima ni 42. Ameokoa dola 59, lakini ameingia kwenye usaili akiwa hajalala. Shauri langu kwake ni la katikati: kabini wakati wa kwenda, kiti wakati wa kurudi. Kabini tuseme ni 30. Pamoja na motari na chakula inakuwa 36. Kurudi ni 21. Jumla 57, amelala kitandani, ameoga Bukavu, na hotelini hakulipa kitu.

Umeona kwamba tiketi peke yake haikuamua chochote kwenye mifano hii. Kilichoamua ni mzigo, saa ya kufika na mahali pa kulala. Kwa hiyo unapoulizia bei, iulizie pamoja na vitu hivyo. Kilo ngapi ziko ndani ya tiketi? Kilo ya ziada ni kiasi gani, na inapimwa kwa mizani au kwa jicho la mtu? Pale kwenye kupima kwa jicho ndipo pesa nyingi hupotelea. Mfanye akuambie bei ya mzigo kabla haujabebwa, kwa sababu gunia likishafika kwenye daraja la boti na watu wanakusukuma nyuma, huna nguvu ya kubishana. Wabebaji nao patana nao kabla hawajagusa chochote, kwa safari nzima kutoka kwenye pikipiki hadi ndani ya boti, si hatua kwa hatua.

Kuhusu pesa zenyewe. Benki za Goma zilifunga milango Januari 2025, na tangu hapo noti za mkononi zimekuwa na thamani ya pekee. Dola iliyochanika hata nusu sentimita itakataliwa, iliyochakaa itakataliwa, na noti ya dola moja wengi hawaitaki. Kagua kila noti unapoipokea kwa mbadilisha pesa, pale pale, si nyumbani. Beba faranga za kutosha kwa ajili ya motari, mbebaji na chai. Bei ikitajwa kwa dola nawe unalipa kwa faranga, uliza wanahesabu dola moja kwa faranga ngapi. Wakikuzidishia faranga 100 kwa kila dola, kwenye tiketi ya dola 40 umeacha faranga 4,000, nauli ya pikipiki imekwenda hivyo. Wanaopokea malipo kwa simu, waulize makato ni ya nani.

Nunua tiketi dirishani, siku moja kabla. Makomisioneri wanaokushika mkono getini hawana boti. Wanaishi kwa kile wanachoongeza juu ya bei yako, na tiketi wanayokupa wakati mwingine ina jina la mtu mwingine. Jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye kadi yako ya mpiga kura, na uhakikishe limeingia kwenye orodha ya abiria. Watoto nao waandikwe, hata wa mgongoni. Hili wengi wanalipuuza kwa sababu mtoto hakati tiketi. Boti ikipata ajali, orodha ile ndiyo itakayowaambia watu wa nyumbani kwamba kuna mtoto wa kutafutwa. Halafu uliza boti isipoondoka, kwa upepo au kwa amri ya wakubwa, tiketi yako inahamishwa siku nyingine au unarudishiwa pesa. Mwanzoni mwa 2025 safari za Goma na Bukavu zilisimama kabisa kabla ya kurejea, na mambo ya namna hiyo hayatoi taarifa. Jibu liandikwe nyuma ya tiketi kwa kalamu, pamoja na jina la aliyekuuzia.

Siku ya safari wahi. Sababu ya kuwahi ni kuitazama boti ikipakiwa. Chagua alama moja ubavuni mwake karibu na maji, herufi ya jina lake au mstari wa rangi, uikazie macho magunia ya viazi na makreti yanapoingia. Utaona inashuka. Kama imezama na bado foleni ya watu ni ndefu, umepata jibu lako bila kumuuliza mtu. Angalia pia mizigo mizito inawekwa wapi. Saruji na makreti ya bia yakae chini kabisa. Magodoro na mabeseni yanaweza kukaa juu. Ukiona mifuko mizito inapandishwa paani, jua boti hiyo itayumba vibaya wimbi la ubavuni likiipiga, maana uzito wa juu ndio unaoipindua boti.

Ndani, tafuta jile kabla ya kutafuta kiti. Zikiwa zimefungiwa kwenye chumba chenye kufuli, au ziko chini ya magunia, hesabu kwamba hazipo. Ishike yako mkononi: je, mikanda yote ipo, kifungo kinabana, sponji ya ndani ni kavu au imekunywa maji ikawa nzito? Ivae, funga, kisha mwambie mwenzako aivute juu kwa mabega yote mawili. Ikipita masikio yako, majini itakuvuka na kukuacha. Jile ya mtu mzima kwa mtoto wa miaka minne ni hatari, anateleza na kutoka kwa chini. Kama boti haina za watoto, na mara nyingi hazitoshi, nunua yako mjini. Ni gharama ya mara moja kwa familia na mtairithishana, mdogo amfuate mkubwa.

Kaa mahali unapoweza kufikia nje bila kuruka vichwa vya watu, na uhesabu milango taa zikiwa bado zinawaka. Mkikaribia bandari msikimbilie wote upande mmoja. Watu mia wakihama ubavu mmoja kwa pamoja ili washuke wa kwanza, wanaiinamisha boti ambayo imewavusha salama usiku kucha.

Majira nayo yana bei yake. Kuanzia Juni hadi Agosti ni kiangazi, mvua hakuna, lakini upepo wa kusini huchafua ziwa na kanoti hupiga mawimbi kama iko kwenye barabara ya mawe ya volkano. Wenye mgongo mbovu na wajawazito wachague boti kubwa miezi hiyo. Wakati wa mvua hatari ni dhoruba za ghafla, hasa alasiri. Asubuhi ziwa huwa limetulia zaidi, kwa hiyo kama kuna kanoti mbili kwa siku, lipa tiketi ya ile ya asubuhi hata kama ina nyongeza. Kwa safari za usiku, uliza wiki hiyo hiyo kama zinaruhusiwa, usitegemee alichokuambia shemeji aliyesafiri mwezi uliopita.

Watu wanaokuja kwetu mara ya kwanza huuliza kuhusu gesi. Ni kweli Ziwa Kivu limebeba methane na kaboni dioksidi nyingi, lakini zimebanwa na maji chini sana, na Rwanda imekuwa ikivuta methane hiyo kuzalisha umeme huko Karongi tangu 2016. Boti inayopita juu haiiamshi. Jihadhari zaidi na mazuku ufukweni, ile gesi inayotoka ardhini na kutuama kwenye mabonde na vighuba upande wa Goma. Unaposubiri boti alfajiri usimlaze mtoto chini kwenye shimo au kwenye kona isiyopita upepo, na usioge mahali ambapo wenyeji hawaogi.

Vya kubeba si vingi. Ziwa liko kwenye mwinuko wa mita 1,460, na usiku katikati ya maji baridi inaingia hadi mifupani, kwa hiyo blanketi au kitenge kizito kitakufaa kuliko koti la kifahari. Simu na hati zifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, moja ndani ya nyingine, zikae mwilini. Beba maji, chakula kikavu na dawa ya kichefuchefu ya kunywa nusu saa kabla, si baada ya kuanza kutapika. Ukiwa na kiti cha nje utaona taa za wavuvi wa sambaza, mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja na miti mirefu ikitoka mbele na nyuma. Huo ni uzuri ambao hakuna tiketi ya basi inayoweza kukuuzia, na ni sababu nzuri ya kukesha angalau saa moja.

Tiketi ya kurudi ukate mara tu unapofika Bukavu, kabla hujapanda kilima kwenda kwa ndugu. Ijumaa na siku za kuelekea sikukuu boti hujaa, na aliyechelewa ndiye anayekubali kubanwa. Tenga pia akiba ya kulala siku moja zaidi, iweke mbali na pesa ya matumizi, usiiguse hata ukiona vitambaa vizuri sokoni Kadutu. Akiba hiyo ndiyo itakayokupa ujasiri wa kushuka kwenye boti usiyoiamini.

Kwa wenye boti nina ombi moja, na ninaomba kwa heshima kwa kuwa najua mafuta ni ghali na kodi ni nyingi: pale mlipobandika bei, bandikeni pia idadi ya abiria mnaoruhusiwa kubeba, kwa herufi zinazosomeka kutoka kwenye foleni. Nawe msomaji, ukifika dirishani na hukuiona namba hiyo, iulize kwa sauti, ili na walio nyuma yako wasikie jibu.